Mbio ya Tshukudu Yangu

Naapa mbele ya Mungu, hii habari ni kweli tupu.

Nilikuwa naelezea mujukuu wangu Clémence, mwenye anajitayarisha kwa Examen d'État ya kumaliza sekondari, namna nilishuka zamani kilima cha Musienene juu ya tshukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mawili, yenye kujaa viazi.

"Nilianza kwa zéro. Kila segonde mbio yangu ilipanda mètre mbili kwa segonde, dakika nzima, bila kukanyaga frein. Ukinikamata na uongo, beba radio yangu!"

Clémence akashika kalamu. "Koko, si wewe mwenyewe ulinifundisha kuzidisha accélération na muda? Mbili mara makumi sita: mètre mia moja na makumi mbili kwa segonde. Donc kilomètre mia ine makumi tatu na mbili kwa saa! Hata avion haishukake kwenye uwanja wa Mavivi na mbio hiyo. Na viazi havikuanguka?"

"Viwili tu," nikasema.

Alicheka, akanyoosha mukono. Nikamupatia radio, na piles zake ndani.

Mais kinachoniuma hapana radio. Mbele alikuwa ananiuliza, "Na kisha, Koko?" Sasa anauliza, "Kwa segonde ngapi?" Ningejua, ile formule ningeificha.