Taji Sitini na Moja

Ragnfrid alirusha sarafu ya kroni mara mia kwenye meza ya jikoni kwao, kila upande wenye taji ukitokea juu anachora kijiti. Yakatoka mataji sitini na moja, naye akaandika sitini na moja. Sasa Torleif, msaidizi aliyesahihisha mazoezi ya takwimu pale chuoni Trondheim, Norwei, alikuwa amemrudishia karatasi kwa wino mwekundu: Umebuni. Halikubaliki. Na zoezi lisipokubaliwa, mtihani hufanyi. Mwaka mzima ndio huo unakwenda na maji!

"Wenzako ishirini na tisa wote wako kati ya arobaini na saba na hamsini na tatu," Torleif alisema mbele ya darasa. "Wewe peke yako umepotelea huko. Ulikuwa unarusha au unaota?"

Darasa likaangua kicheko. Eskil, jirani yake, mdomo umejaa mkate na jibini ya kahawia, akamnong'oneza, "Si ungeandika hamsini tu yaishe? Sisi wote tume..." Akajiziba mdomo, lakini maji yalishamwagika.

Ragnfrid akasimama. Hasira ilimpanda, ila hofu hakuwa nayo hata chembe, hesabu aliijua.

"Torleif, zichore hesabu zetu ubaoni."

Torleif akachora alama moja kwa kila hesabu. Zikajirundika mahali pamoja.

"Hicho ni kilima au mlingoti wa bendera?" Ragnfrid akauliza. "Hamsini ndiyo katikati, sikatai. Lakini watu thelathini wakirusha kweli, karibu nusu yao watatoka nje ya hizo arobaini na saba na hamsini na tatu zenu. Kuna wa arobaini na tatu, kuna wa hamsini na saba, na mmoja wawili watafika mbali kabisa. Mimi ndiye huyo. Hawa hawakurusha chochote!"

"We dada, umetutukana wote!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na ukiwa umekosea?" Torleif akauliza.

"Unifute kwenye mtihani. Haya, toeni sarafu."

Basi zikarushwa, kila mtu mara mia, hata Ragnfrid. Sarafu zilibingirika chini ya madawati, Eskil akatambaa kwa magoti akiitafuta yake, huku akilaani. Kila aliyemaliza alitaja hesabu yake, Torleif akaiandika: arobaini na tatu, hamsini na nane, arobaini na tisa, thelathini na nane, sitini. Ule mlingoti ukanenepa, ukaota miteremko huku na huku, kama kile kilima cha watoto kuteleza kwenye theluji nyuma ya chuo.

Masikio ya Torleif yakawaka. Akaichukua karatasi ya Ragnfrid, akakata maneno mekundu, akatia saini.

"Nimekosea mimi. Samahani," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bado wewe tu. Leo umepata ngapi?"

Ragnfrid akavihesabu vijiti vyake. Akavihesabu tena. Uso ukamwiva.

"Hamsini," akasema.

"Umebuni!" darasa zima likapiga kelele.