Lori la Rangi Limelala

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, vipokea sauti vya masikioni bado vinaning'inia shingoni. Nilikuwa peke yangu kwenye meza ya kukatia nguo. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi sare za wanafunzi.

"Ndiwe uliyetengeneza ile sauti ya mtaani?"

"Ndimi. Karibu, kaka. Umefika kituo gani?"

Nilifurahi, maskini mimi. Tangu nimalize chuo, nilikuwa nimeweka moyo wangu wote kwenye yale matembezi. Mtu anakuja na simu yake, anafuata maelekezo yangu kichochoro kwa kichochoro, na kila kituo mkazi mmoja anamsimulia yaliyotokea pale. Mtaa wetu ulijengwa na watu wa kila upande, wajenzi wa reli, wasonara, washona viatu, kila mmoja na lafudhi yake. Niliamini, na bado naamini, kwamba ni vigumu kumwinulia rungu mtu ambaye sauti yake imekaa sikioni mwako.

"Nimefika mlango wa mwokaji," akasema. Alitamka polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha akatia komeo.

Mlango wa mwokaji ni kituo cha shangazi. Zamani watoto wa mtaa walikuwa na mchezo wao: sema haraka haraka, "Lori la rangi limelala." Wale ambao ndimi zao zilichanganya l na r walichekwa, nao wakacheka. Mwokaji, mume wa shangazi, aliitamka sentensi hiyo barabara. Lakini watoto wakija dukani aliiharibu makusudi, "Rori ra rangi rimerara!", wakavunjika mbavu, naye akawagawia vipande vya mkate vilivyobaki.

Miaka ikapita. Siku ya ghasia, majirani walipogeukiana kwa asili zao, vijana wenye marungu walipita mlango hadi mlango wakidai sentensi ileile. Aliyekosea aliambiwa si mwenzetu, akapigwa. Mwokaji alifungua, akaona sura anazozijua, akadhani ni utani wao wa siku zote. Akaiharibu makusudi.

"Alikuwa bado anacheka," shangazi anasema kwenye kituo hicho, "rungu la kwanza lilipomvunja taya. Rungu la Makombo, mtoto aliyemlisha kwa mkono wake. Wakampiga mpaka unga wa kizingitini ukawa donge jekundu."

Anakiiga hata kile kicheko cha mumewe. Kabla ya kurekodi alinishika kidevu: "Usikate neno hata moja, mwanangu. Wala kicheko." Nikamwahidi.

"Hilo jina," mgeni akasema. "Makombo. Likate."

Nikamtazama upya. Mtu mzima, shati limenyooshwa vizuri, kipara kinaanza.

"Binti yangu alitembezwa huku na darasa lake. Amerudi ananiuliza, 'Baba, kwani kuna akina Makombo wangapi?' Mama yake huniita hivyo mezani."

"Kaka, njoo urekodi na wewe," nikasema, na nilimaanisha. "Simulia upande wako. Watu wata..."

Ngumi ilinimalizia sentensi. Nilipiga kisogo kwenye cherehani, nikajaribu kusimama, akanitandika teke la tumbo. Mdomo ukajaa damu. Akaninyanyua kwa ukosi, akanibamiza juu ya meza, akaisogeza simu yangu hadi puani.

"Mtoto wa chuo! Vitabu vyote hivyo hujajua kitufe cha kufuta?"

Akauchukua mkasi mkubwa wa shangazi, akakibana kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto katikati ya makali.

"Kata neno, au nikate mimi."

"Nimeahidi," nikasema.

"Futa! Futa hiri jina rote!"

Alikuwa ameusikia ulimi wake mwenyewe. Uso ukamlegea, jasho likamtiririka.

"Kumbe na wewe," nikanong'ona.

"Nani angeniuriza?" akasema. "Mwenye rungu haurizwi."

Pazia likasogea. Shangazi alisimama pale na pasi mkononi, na nilijua amesikia yote.

"Makombo," akasema. "Mume wangu alijua. Alikuwa akiiharibu ili usichekwe peke yako."

Yule mtu akageuka kumtazama. Makali yakaingia kwenye ngozi, damu ikaanza kudondoka.

"Mwanangu, futa," shangazi akasema. Sauti ilikuwa inamkatika. "Ahadi nimekufungulia. Mimi nilishazika, sitaki kuona tena."

Simu ilikuwa chini ya mkono wangu wa kulia. Niliogopa, na kitufe kilikuwa karibu. Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Hapana, shangazi."

Mkasi ukafunga. Ulitoa mlio wa kijiti kibichi. Nilikiona kipande cha kidole kabla sijasikia maumivu, kimelala juu ya kitambaa cheupe. Nikapiga yowe. Shangazi akambandika pasi ya moto shingoni. Chumba kikanuka ngozi iliyoungua. Akanguruma, akambwaga shangazi ukutani, akahangaika na komeo kwa mikono yenye damu yangu, akatokomea.

Zahanatini, muuguzi alinishona pingili iliyobaki. Shangazi aliketi kando, jicho limevimba kama andazi.

"Ningejua una kichwa kigumu hivi, ningekichonga vifungo vya sare," akasema. Kisha akalia. "Atarudi. Futa tu, baba."

"Siwezi, shangazi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, ameushika mkono wangu mzima. Kwenye mlango wa mwokaji walisimama msichana na mvulana, vipokea sauti masikioni, wanatazama kizingiti kama nilivyowaelekeza. Tukasimama mbali kidogo. Msichana akacheka, kama wote wanavyocheka wakifika pale mwokaji anapojibu. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa.

Shangazi akanibana mkono. Hatukusogea mpaka wale wawili waliposikiliza hadi mwisho.