Sentensi Moja ya Kweli

Binti yangu Signe ameandika riwaya ambayo msimulizi wake ni mwongo tangu ukurasa wa kwanza. Mara ana miaka thelathini, mara arobaini. Anamzika mumewe, kisha mume huyohuyo anaingia jikoni kuomba kahawa. Wasomi wanasema ndiyo uandishi wa siku hizi. Sawa. Ila ukurasa wa themanini na nane huyo mwongo anasema: "Mama yangu, mpishi wa shule hapa Duluth, hakuwahi kunipiga hata kofi."

Mpishi huyo ni mimi, miaka ishirini na sita kwenye yale masufuria. Na hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli kitabuni.

Basi wasomaji, kwa kuwa wameshazoea kwamba huyu akisema siyo basi ni ndiyo, wakaelewa kuwa nilikuwa nampiga. Baada ya ibada, Bi Haugen, mgawa kahawa wa kanisani, alinimiminia nusu kikombe tu, wenzangu akawajazia. "Ardis, Mungu husamehe," akasema.

Jumamosi Signe alikuja kuwasomea watu kitabu chake kwenye maktaba ya mtaani kwetu. Nilimkuta akipanga vitabu mezani.

"Leo waambie sikukupiga."

"Mama, mwandishi haelezi kitabu chake. Ukikieleza unakiua."

"Afadhali kife hicho kuliko jina langu."

"Usianze, watu wanaingia."

"Nianze nini? Umeanza wewe, tena kwa kuchapisha!"

Akasoma. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama, koti nimelifunga vifungo vyote sita.

"Mimi ndiye mama yake. Sikumpiga hata siku moja."

Mwanamke mwenye miwani myekundu akamnong'oneza mwenzake, lakini nilimsikia: "Umeona? Maneno yaleyale ya kitabuni."

Nikamkazia macho Signe. Uso ulikuwa umemshuka. Akakivuta kipaza sauti.

"Ni kweli. Mama yangu hakuwahi kunipiga."

Wakapiga makofi. Wengine walicheka kwa raha, kama watu walioonyeshwa kiinimacho kizuri. Signe akarudia, neno kwa neno. Makofi yakazidi.

Mlangoni akanidaka mkono. "Mama, si umeona nimejaribu?"

"Umejaribu mbele ya watu uliowafundisha mwenyewe wasikuamini. Krismasi hii kaa kwako."

"Mama, tafadhali. Wanatutazama."

"Waache watazame."

Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikatoka.