Mbao za Mfalme wa Bluu

Kila siku baada ya sala ya Adhuhuri, watu wa mji wanapofunga madirisha na kujilaza, Lazhar Bin Amara alivaa viatu vyake vya kazini, ingawa kazi yenyewe ilikwisha mwaka juzi, akatembea hadi duka la kompyuta la Shadli. Alikaa kwenye mashine ya nne, ile isiyopigwa na jua. Shadli alimletea glasi ya chai yenye lozi, naye akafungua mchezo wa falme na kuchagua rangi nyekundu.

Alikuwa amekagua mizani za masoko ya mji wa Sfax na vitongoji vyake kwa miaka thelathini na moja. Aliwahi kulifunga duka la mjomba wake mwenyewe kwa ajili ya jiwe la kilo lililochongwa chini. Alipostaafu alipewa cheti na saa ya ukutani, na mikono yake ikakosa cha kupima.

Mchezo si mgumu kuueleza. Unapewa watu watatu na ardhi yenye msitu. Watu wako hukata miti, huchimba dhahabu, hulima, na kwa mbao walizokata unajenga nyumba, kambi na minara. Upande wa pili, usikoweza kuona, yupo Mfalme wa Bluu, anayeendeshwa na kompyuta yenyewe, naye anatakiwa kufanya kazi hiyohiyo. Katika viwango vya chini Lazhar alimshinda majira yote ya baridi, hadi ushindi ukakosa ladha. Wiki ya pili ya Aprili akachagua kiwango cha mwisho, kinachoitwa Mkali, na akashindwa kabla chai haijapoa.

Wa Bluu alikuja na wapiga mishale mia moja wakati ukuta wa Lazhar umefika magotini. Alijua farasi walikofichwa, akawaendea moja kwa moja kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mchezo ulipokwisha, ramani yote ikafunguka, kama inavyofunguka kila mara mtu akishakufa. Lazhar hakunyanyuka. Aliukagua ufalme wa Bluu kama alivyokuwa akikagua maduka, akapita msituni mti baada ya mti. Hakuna uliokatwa. Hakuna shoka wala mkata kuni. Na minara ishirini na miwili ilikuwa imesimama.

"Shadli, njoo uone. Huyu ni mwizi."

Shadli, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, alikuja akichechemea na kutazama. "Ah, Si Lazhar," akasema, kwani huko bwana huitwa Si, "hilo linajulikana. Kwenye Mkali kompyuta inapunja. Inaona ramani nzima na inapewa mbao bure."

"Bure kutoka wapi?"

"Hapo mimi sijui. Lakini mbao haziwezi kutoka hewani. Lazima zitoke mahali."

Alasiri hiyo dada yake Mabruka alikuja, akaketi uani na kumwambia kwamba mmoja wa mizeituni yake umeondoka.

"Umekatwa?" akauliza Lazhar.

"Umeondoka. Kisiki kipo, kibichi, kimekatwa sawasawa kama jibini. Unga wa msumeno hakuna hata punje. Na mbwa hakubweka."

Mabruka alimzidi Lazhar miaka minne. Alikuwa mjane, akiishi pembeni mwa shamba na kusaga pilipili za harisa ya kuuza. Baba yao alipokufa aliacha mizeituni tisini. Kwa sheria ya mirathi thuluthi ilikuwa ya Mabruka, na mji mzima ulijua ni miti ipi: ile thelathini iliyo ng'ambo ya ua wa mipungate yenye miiba. Lakini hatimiliki iliandikwa kwa jina la Lazhar peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekwenda ofisini mwaka ule, na kila Mabruka alipomkumbusha alijibu kwamba wataandikishana baada ya mavuno. Mavuno kumi na tisa yalikwisha kupita. Mafuta ya mizeituni yote tisini yaliingia kwenye mitungi ya Lazhar, kisha yeye alimpelekea dada yake madumu mawili kwa mkono wake mwenyewe, na waliomwona njiani walisema huyo ndiye kaka.

Kesho yake Lazhar alishindwa tena, na mzeituni wa pili ukaondoka. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya nne, ambayo hakucheza kwa sababu ya jino, hakuna mti ulioondoka. Lazhar alikuwa mtu wa kipimo, hakuhitaji siku ya tano. Alikwenda kwa dada yake na kumweleza wazi: kila akishindwa, Wa Bluu hujenga kwa mti mmoja wa ng'ambo ya ua, na mti mmoja unamtosha ufalme mzima.

Mabruka alikuwa akitoa mbegu za pilipili. Hakuacha.

"Basi usicheze," akasema.

"Nikiacha sasa, atakuwa ameshinda kwa kupunja."

"Na ukiendelea?"

"Dada, hili si suala la miti. Mtu hawezi kujenga kwa jasho la mwenzake na kuitwa mshindi. Nimeishi maisha yangu yote nikipigana na jambo hilo."

Mabruka akachukua pilipili nyingine.

Kwa hiyo Lazhar aliendelea. Alijaribu kuta nene na kuta mbili. Alijaribu kumwahi Wa Bluu mapema kwa mikuki, akakuta mikuki inamsubiri. Alirudi nyumbani uso umemsawijika, na usingizini mkono wake wa kulia ulibofya godoro. Sokoni aliwaeleza watu dhuluma ya Wa Bluu, nao walimwonea huruma, maana walijua alivyokuwa mtu wa haki. Aprili ilipokwisha, ng'ambo ya ua kulikuwa na visiki kumi na tisa, na Mabruka, ambaye kivuli kilikuwa kimemwisha, akaanza kusagia harisa ndani.

Ndipo Mabruka alipomwita afisa wa kilimo. Alikuja Wajdi, mtu mpole mwenye miwani, na jalada kwapani. Alivipima visiki kwa utepe, akanusa kimoja, akaandika.

"Ni Wa Bluu," akasema. "Mwaka jana nilishughulikia kesi ya mjini Agareb. Jamaa alipoteza kondoo kumi na mmoja kwa wiki mbili. Si Lazhar, unacheza kiwango gani?"

"Mkali."

"Basi hapo hakuna kosa. Kwenye Mkali anaruhusiwa. Imeandikwa kwenye maelezo ya mchezo, na wewe ulibonyeza kwamba umekubali."

"Mimi sikubonyeza kitu," akasema Mabruka. "Na miti ni yangu."

Wajdi alifungua jalada na kulipitia kwa heshima. "Lalla Mabruka," akasema, kama mwanamke anavyoitwa kwa heshima, "hapa nina mizeituni tisini, mwenyewe Lazhar Bin Amara. Mtu wa jina lako simwoni."

"Muulize yeye."

"Naandika kilichoandikwa, Lalla. Lakini nikupe moyo: huyo wa Agareb alipomshinda Wa Bluu, kondoo wake walirudi wote, wakiwa na sufu zao. Wa Bluu akishindwa, hurudisha alichochukua. Hurudisha kwa mwenyewe, kama alivyo kwenye jalada."

Mabruka akamgeukia kaka yake. "Umesikia. Twende ofisini kesho, uniandikishe."

"Tumshinde kwanza," akasema Lazhar. "Sasa hivi tutagawana nini, visiki?"

Wajdi alikunywa kahawa yake, akaaga.

Katikati ya Mei mti wa thelathini ukaondoka. Siku iliyofuata Lazhar alicheza kama kawaida na kushindwa kama kawaida, na alipofika nyumbani akakuta mzeituni wa karibu na kisima chake, uliokuwa upande wake wa ua, haupo. Alikizunguka kisiki mara mbili. Akakigusa. Kisha akaingia ndani na kuvua viatu vya kazini, na keshoye Adhuhuri akalala kama watu wengine. Shadli alipompigia simu kumuuliza kama ni mgonjwa, alisema kwamba michezo ni ya watoto na umri wake umepita.

Mashine ya nne haikukaa bure. Mabruka alifika dukani siku hiyohiyo, amejitanda shuka yake nyeupe, akamwomba Shadli amwonyeshe kipanya kinashikwaje.

"Lalla, tuanze na kiwango rahisi," akasema Shadli.

"Mkali."

"Utapigwa."

"Mara ya kwanza kupigwa itakuwa hii?"

Alipigwa, na mzeituni mwingine wa Lazhar ukaondoka. Alipigwa siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne Lazhar alikuja na kusimama nyuma ya kiti chake, amevaa kandambili, anahema.

"Dada, acha. Umekwisha kunipotezea mitatu."

"Nikiacha sasa, atakuwa ameshinda kwa kupunja."

"Hiyo ni mizeituni ya baba."

"Hata ile thelathini ilikuwa ya baba. Sogea, unaniziba mwanga."

Lazhar alisogea. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akitazama, na ikawa anakuja kila siku kukaa hapo, uso umemjaa wasiwasi, anahesabu kimya.

Mabruka hakujenga kuta. Hakuficha farasi, kwa sababu Wa Bluu hafichwi kitu. Alikuwa ameishi miaka mingi jirani na mtu anayeona kila kitu na kuchukua anachotaka, na alijua namna ya kuishi hivyo. Siku hiyo ya nne, ya tano na ya sita alishindwa huku akimchunguza Wa Bluu. Siku ya saba alijenga kibanda kimoja cha nyasi pembe ya mbali ya ramani, nyuma ya mto, na kumweka pale mtu mmoja wa kuchuma matunda. Wa Bluu alikiona mara moja, kama alivyoona kila kitu, na akatuma jeshi zima kukivunja. Jeshi lilipokaribia, Mabruka alikibomoa mwenyewe na kukijenga pembe nyingine. Jeshi likageuka. Akakibomoa tena.

"Anazunguka tu," akasema Shadli, ambaye alikuwa ameacha wateja wengine wajihudumie.

"Anaona kila kitu," akasema Mabruka, "ila hajui anachokiona."

Jeshi la Bluu lilizunguka hivyo hadi adhana ya Alasiri, huku watu wa Mabruka wakikata miti yao wenyewe, polepole, mmoja baada ya mwingine. Kisha akapeleka mikuki thelathini tu kwenye minara iliyoachwa tupu. Wa Bluu alianguka bila kelele. Ramani ikafunguka, na Mabruka akamwomba Shadli maji.

Mizeituni ilirudi asubuhi. Ilikuwa thelathini na saba: ile thelathini ya ng'ambo, na saba ya Lazhar. Ile saba ilisimama mahali pake. Ile thelathini haikurudi ng'ambo ya ua. Ilisimama kwenye uwanda mtupu wa karibu na kisima, kwa mistari iliyonyooka, mizizi imeshika ardhi kana kwamba haijawahi kuwa kwingine. Ng'ambo ya mipungate vilibaki visiki.

Wajdi alikuja kufunga jalada. Akahesabu tisini, yote kwa mwenyewe aliyeandikwa, akasema hesabu imekamilika, na ni nadra kesi kuisha vizuri hivi. Majirani walikuja kumpongeza Lazhar. Aliwapa chai. Aliwaambia kwamba haki hukawia lakini haipotei, na alikuwa akisema kwa moyo wake wote, macho yamemlowa.

Wageni walipoondoka Mabruka alibaki uani.

"Tumemshinda," akasema. "Sasa twende ofisini."

"Tulimshinda," akakubali Lazhar. "Lakini sasa mambo yamekuwa na utata, dada yangu. Miti iko upande wangu. Nikuandikishie ardhi ipi, ya kisimani? Acha tuvune kwanza, tuone."

Mabruka alikunja shuka yake magotini, akaikunjua, kisha akaenda nyumbani.

Novemba zeituni zikaiva. Wachumaji wa kike walitandika nyavu chini ya miti, wakavaa pembe za mbuzi vidoleni ili kuchanulia matawi, kama ilivyo desturi. Mabruka alikuja na pembe zake za zamani mfukoni, akauliza aanzie wapi.

Lazhar alitazama huku na huku. Ile mizeituni iliyorudi ilikuwa imezaa kupita yote, matawi yamelemewa hadi karibu na ardhi.

"Anza na hii ya kisimani," akasema.

Mabruka aliegemeza ngazi kwenye mti wa kwanza. Aliujua: ulikuwa na shina lililopasuka mawili, na alipokuwa msichana alikuwa akiketi katikati yake. Akavaa pembe, kidole kimoja kimoja, akapanda. Zeituni zikaanza kudondoka kwenye wavu.

"Taratibu, dada," Lazhar akasema kutoka chini, kwa upole, ameishikilia ngazi isiteleze. "Usinivunjie matawi."