Kupanda Pellegrino na Baba

Baba yangu, Gaspare Lo Cascio, alipeleka barua kwa miguu mjini Palermo kwa miaka thelathini na sita. Eneo lake lilikuwa Capo, kwenye vichochoro ambamo hata waliozaliwa humo hupotea. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka sitini na nne. Siku daktari alipomwambia hakuna la kufanya, alirudi nyumbani, akavua viatu, asitoke tena miaka miwili. Mama alikuwa ameshafariki. Jirani wa chini, Bi Ninfa, ndiye aliyempandishia chakula.

Mimi nilikuwa Torino, kaskazini, miaka yote hiyo, kiwandani. Kiwanda kilipofungwa nikarudi na sanduku moja, nikamkuta baba amekaa dirishani, ndevu zimefika kifuani.

"Kwa nini hutoki, baba?"

"Watu wa Capo wamezoea kuniona natembea mbele. Hawatanizoea nikivutwa kama mbuzi."

"Basi usivutwe. Nivute mimi. Nimeusahau mji wote."

Alidhani namdanganya. Kesho yake asubuhi nilimshika kiwiko tukatoka, na kabla ya nusu saa nilikuwa nimepotea kweli.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Mlango wa kijani."

"Milango ya kijani iko mia. Unanusa nini?"

"Siki. Na zeituni."

Akacheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu nirudi. "Hapo ni kwa Pecoraro. Kata kulia, kuna ngazi tatu, ya katikati imevunjika."

Ilikuwa imevunjika kweli. Mzee Pecoraro akatoka dukani, mikono inachuruzika mafuta. "Don Gaspare! Mimi nilijua umeshakufa!"

"Nilikuwa nangoja shada lako la maua, bahili wewe!"

Tangu siku hiyo tukawa tunatembea kila asubuhi. Kufika Aprili, Capo ilikuwa imetubana. Baba akaanza kuutaja mlima Pellegrino, ule unaosimama juu ya mji. Ujanani alikuwa akiupanda kwa baiskeli kila Jumapili, kisha anateremkia upande wa pili hadi ufukweni Mondello.

Binamu yangu Tano hutengeneza baiskeli karibu na soko la Ballarò. Alichukua mbili kuukuu, akazikata na kuziunganisha zikawa moja ya watu wawili, mwenye usukani mbele, mwingine nyuma.

"Ina breki?" nikamuuliza.

"Breki ziko. Sala ongezeni wenyewe."

Tulijifunzia chini ya miti ya bustani ya Favorita. Tulianguka mara mbili, na mara zote mbili baba ndiye aliyenipangusa vumbi.

Jumapili moja ya Mei, saa moja asubuhi, tukauanza mlima. Mimi nilishika usukani, yeye alishika hesabu ya kona. Jua likimpiga shavu la kulia, anasema, "Inakuja ya kushoto, kali, ipanue." Upepo wa misonobari ukitufikia, anasema, "Hapa pana ahueni kidogo, pumzisha magoti." Hakukosea hata mara moja.

Nyuma yetu wakaja vijana sita, wamevaa nguo za kubana, baiskeli zao nyepesi kama unyoya. Kiongozi wao, niliyekuja kumjua kwa jina la Manfredi, akapaza sauti: "Dada, angalia huyo wa nyuma, amekulalia!"

"Silali," baba akajibu, "nakusikiliza unavyohema! Punguza tambi!"

Wenzake wakamzomea Manfredi hadi wakapotea kwenye kona.

Baada ya kona ya tisa miguu yangu ikagoma. Nilishuka, nikakaa ukingoni mwa barabara, na machozi yakanitoka, si ya mlima tu. Torino nilikuwa nimeacha kazi, nyumba na marafiki, na hapo nikajiona siwezi hata kilima cha kwetu.

"Turudi, baba."

Alinitafuta kwa mkono hadi akapata bega langu, akakaa pembeni. "Mimi nilivua viatu miaka miwili, Nuccia. Wewe pumzika dakika kumi, halafu tuone."

Nilipumzika kumi na tano. Tukapanda.

Karibu na kilele, barabara inapoanza kuteremkia Mondello, tuliwakuta wale sita wamesimama. Mawe yalikuwa yameporomoka na kuziba njia yote. Wanabishana, kila mmoja na simu yake.

"Tugeuze tu," Manfredi alikuwa akisema. "Ramani haionyeshi njia nyingine."

"Hapo mlipo kuna ukuta mfupi?" baba akauliza.

Wakageuka. Ndipo walipomtazama macho yake.

"Upo, mzee," Manfredi akajibu taratibu.

"Una mwanya. Nyuma ya mwanya kuna njia ya zamani ya mawe, ya watu wa miguu. Inakwepa kona mbili, inatokeza chini. Baiskeli mtazibeba."

Manfredi akaruka ukuta, akapotea vichakani. Mara tukasikia kelele zake: "Ipo! Jamani, ipo!"

Basi tukashuka kwa miguu. Mimi na baba tulitangulia, mkono wake begani kwangu, huku akitangaza: "Jiwe refu. Sasa panateleza. Mzizi." Nyuma yetu vijana sita walijipanga mstari mmoja, kimya kama wanafunzi, wawili wamebeba kile chuma cha Tano. Niligeuka mara moja nikawatazama, kisha nikamtazama baba. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama siku alizobeba mkoba wa barua. 

Mondello tulifika saa tano. Vijana walitununulia pweza wa kuchemsha, wakazunguka meza ya baba, kila mmoja na swali lake. Inapandwaje barabara ya Monreale? Njia ya Bagheria ina mbwa? Manfredi akauliza kama Jumapili ijayo tungekubali kuwaongoza.

"Muulize yeye," baba akasema, akinielekezea uma.

Muuza pweza akaja kukusanya sahani. Baba akamshika mkono. "Umemwona huyu? Ni binti yangu, Nuccia. Leo amenipandisha Pellegrino."

Nilitaka kumsahihisha, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa pweza.