Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Mimi nlimwambia mapema, na nnasema tena mbele za watu: Bi Mwatima alijitakia mwenyewe.

Siku hiyo kamati ya nyumba ilituita uwanjani, sisi tuliovunjiwa mabanda yetu kule nyuma ya Mlandege, tugaiwe nyumba kwenye jumba jipya la ghorofa. Bure, bila ya kodi, serikali ishaamua. Nlikuwa na furaha mpaka kigelegele kinanitoka chenyewe. Basi akasimama katibu wa kamati, Ndugu Silima, mtu mnene mwenye sauti ya kuadhini, akatwambia kuwa lifti haitakuwepo.

"Gharama ya lifti moja," akasema, "inajenga nyumba za familia nane. Kamati imechagua familia nane."

Mdomo wangu ulikuwa ushafunguka, nikaufunga. Wangapi bado walikuwa wanalala ukumbini kwa jamaa zao? Tukapiga makofi.

"Kwa hivyo wazee watapewa chini, wasisumbuke na ngazi. Waliobaki wataokota kura. Haya, wazee wanyooshe mikono!"

Mzee Matar, muuza kahawa, akanyoosha yote miwili. Nikamgeukia Bi Mwatima, jirani yangu, mpika vitumbua, asiye na mume wala mtoto. Bibi huyu kambeba mama yangu mgongoni alipokuwa mchanga! Kaificha mikono ndani ya buibui, anatazama mbele kama hayamhusu.

"Bi Mwatima, nyoosha mkono," nikamnong'oneza.

"Mzee nani hapa?" akanijibu, na uwanja mzima ukasikia.

Lahaula! Kiburi si maungwana. Kura zikaletwa ndani ya kofia, akaokota yake: ghorofa ya nne. Mimi na wanangu kura ikatupa chini, nyumba moja iliyobakia baada ya wazee kupewa zao, karibu na Mzee Matar.

Tulipomaliza kumpandishia vyombo vyake, alikaa juu ya kitanda akautazama mlango. Kule bandani mlango wake ulikuwa njiani, na kila apitaye alimsabahi. Vitumbua alikuwa akiuza, lakini hasa vilikuwa vikimletea watu.

"Tabia," akaniita, na sauti yake ile kali ilikuwa imenywea. "Huku juu nikifa, nani atapanda?"

"Mimi ntapanda."

"Wewe? Ukipanda ngazi tatu tu unamwita mamako."

Nikacheka, lakini neno lile lilinichoma. Usiku wake sikulala vizuri.

Hakukaa akilia, lakini. Kina bibi wa Mji Mkongwe huteremsha kikapu dirishani kwa kamba, muuza mboga akatia mchicha, wakakivuta juu. Yeye akaigeuza ile desturi. Asubuhi kikapu kitupu kinashuka kutoka ghorofa ya nne, unatia senti zako, kinapanda, kinarudi na vitumbua vya moto. Mzee Matar akahamishia mabirika yake papo hapo chini. Ndugu Silima alikuja siku ya kwanza kukagua kitu gani kile kinachoning'inia kwenye jumba la serikali, na tangu hapo akawa anakagua kila asubuhi, mdomo umejaa.

Sasa siku moja kikapu hakikushuka.

Tukangoja. Kahawa ikapoa. "Bi Mwatima!" nikaita. "Bi Mwatima ee!" Hata naam hatukuisikia. Likanijia lile neno lake: nikifa, nani atapanda?

Nikakusanya kanga zangu nikapanda mbio. Nyuma yangu Mzee Matar na birika lake mkononi, kasahau kulitua, na wateja, na majirani waliokuwa hawajui hata kuna nini. Ghorofa ya tatu Ndugu Silima, aliyetutangulia, kaegemea ukuta, jasho linamchuruzika.

"Lifti," akasema, "lifti ingefaa."

"Familia nane, ndugu!" nikamwambia, nikampita.

Nikausukuma mlango. Bi Mwatima kakaa kwenye mkeka, kavaa kanga mpya, mbele yake sinia ya vitumbua imefurika. Kikapu kiko pembeni, na kamba kaizongazonga vizuri juu yake.

"Kumbe mnapanda," akasema.

"Kamba imekatika?" nikamuuliza.

"Nimeifungua mwenyewe. Nlitaka kujua."

Toba! Nlimpa maneno ambayo mtu hampi mtu mzima, Mungu anisamehe. Kisha nikaanguka kwenye mkeka nikalia kwikwikwi, naye akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, mkono wa pili ananitia kitumbua mdomoni. Watu wakawa wanazidi kuingia. Mzee Matar akaanza kumimina kahawa, maana birika alikuwa nalo.

Nlipoweza kusema, nikamgeukia Ndugu Silima. "Mimi na wanangu tupande huku, yeye ashuke kwetu. Mimi nishasema ntapanda, na nnapanda."

Katibu akatafuna, akameza, akavuta pumzi. "Kamati itakubali. Ila utaratibu ni ule ule, chini bila ya kura ni kwa wazee. Aje aseme tu kuwa yeye ni mzee."

Sote tukamtazama. Bi Mwatima naye akaitazama nyumba yake: ukumbi umejaa, mlangoni watu wamesimama na vikombe, mpaka kwenye ngazi huko wanaitishana vitumbua.

"Mzee nani hapa?" akasema. "Na nshuke niende kwa nani? Watu wangu wote wako huku juu."