Kiraka cha Shoto

Fundi Fikri wa mtaa wa Bab el-Shaariya alikuwa hodari wa kuziba pancha na hodari zaidi wa kutukana. Gundi ikichelewa kukauka aliitukana, na mwenye baiskeli akisogea karibu mno naye alipata fungu lake.

Asubuhi ile alimjia mgeni, Zenhum, jibaba lenye masharubu linalosambaza mikate, ubao mtupu kichwani, likikokota baiskeli yenye tairi lililoisha upepo.

"Msumari, fundi. Fanya upesi, tanuri halinisubiri."

"Tanuri lako likuunguze! Keti, ufunge mdomo."

Akaichomoa tyubu, akaijaza hewa, akaizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakaonyesha tundu. Lakini kando ya tundu palikuwa na kiraka kipya, na Fikri alipokiona alikisogeza karibu na macho. Kilikatwa mfano wa mbegu ya ndimu, na pembeni mikwaruzo ya tupa ililalia upande wa kushoto. Kukata vile alimfundisha mtu mmoja tu duniani: mwanawe Wagdi, shoto.

Ushoto huo ndio uliowagombanisha. Fikri alitaka tupa ishikwe kwa mkono wa kulia, na vidole vya mtoto vilichapwa sana kwa ajili hiyo. Miaka kumi na miwili iliyopita kiraka cha Wagdi kilibanduka, mteja akarudi akifoka, na mzee huyu asiyejua kuzuia ulimi akamfukuza mwanawe mbele ya mtaa mzima: "Toka! Kuanzia leo hesabu baba yako amekufa!" Wagdi akanawa mikono, akaenda zake. Kesho yake baba akaanza kumtafuta, na hajaacha hata leo.

"Nani kakuzibia hiki?"

"Jamaa mmoja kule kwetu Imbaba. Kwani kibovu?"

"Kibovu? Hiki hata mimi sikiwezi!" Fikri alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Anatumia mkono gani? Sema!"

"Kushoto. Umejuaje?"

Fikri alikwishainuka, anatafuta viatu vyake. "Twende! Mikate itakusubiri. Nipeleke sasa hivi!"

"Ala! Na pancha yangu je? Taratibu, mzee wangu, yule hakimbii. Mtu mwema sana, hata hewa hauzi. Pampu kaifunga mnyororo ukutani, ujaze mwenyewe. Anachokuomba ni kimoja tu: umsomee Fatiha marehemu baba yake, ndiye aliyempa kazi hii."

Fikri akabaki na kiatu kimoja mguuni.

"Alikufa lini huyo baba?"

"Miaka kumi na miwili, anasema. Imbaba nzima tunamsomea, wapanda baiskeli wote. Tena umenikumbusha, leo sijamsomea." Zenhum akashusha ubao, akakunjua viganja, akasoma Fatiha mpaka mwisho, kwa utulivu, kama anamsomea wa kwao.

Fikri akaelewa. Mtoto alimtii. Aliambiwa ahesabu baba yake amekufa, akahesabu, kisha akamlilia na kumtolea sadaka ya hewa miaka yote hiyo. Sasa yeye aende Imbaba akasimame mbele ya pampu ile, aseme nini? Kwamba marehemu ndiye huyu, na kwamba Wagdi kawadanganya wateja wake wote? Amwaibishe tena mbele ya watu, mara ya pili?

"Itikia basi, mzee wangu," Zenhum akamwambia. "Maiti anangoja dua."

Fikri aliinua viganja vyake vyeusi.

"Amina."

Akakivua kile kiatu, akaketi, akaishika tupa. Akaihamishia mkono wa kushoto, akaanza kukwaruza tundu polepole, asije akakigusa kiraka cha mwanawe.